Programu za simu kwa maumivu ya shingo na mgongo: nawaongozeje wachuma chai na mafundi cherehani?

Muuguzi_Mafinga:

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa watu wa fiziotherapia na wa mafundi simu kwa pamoja, maana tatizo hili limekaa katikati yao.

Ninaowaongelea ni makundi mawili. Wachuma chai wa huku Mufindi, maumivu ya kiuno. Mafundi cherehani wa Mafinga mjini, maumivu ya shingo yanayopanda hadi kisogoni. Wote yamepita miezi mitatu, wamepimwa, na hakuna dalili ya hatari iliyoonekana. Kama nusu yao wana simu janja za bei ya chini, RAM ya GB 2. Walipakua programu za mazoezi ya mgongo, lakini kufikia wiki ya pili wengi wameacha, na sababu zinafanana: kengele ya kukumbusha inalia siku mbili tatu kisha inanyamaza, hesabu ya hatua haieleweki, na mazoezi ya siku ya kwanza ni kunyanyua kiwiliwili chote kutoka chali na kugusa vidole vya miguu, mtu anaamka kesho yake kiuno kimekaza kuliko jana.

Nataka kujua: programu nzuri naitambuaje? Waanze na mazoezi gani, mangapi? Wapunguze lini? Na hawa wenye vitochi, zile simu ndogo za vitufe, nao nawafanyaje?

Mfizio_Uyole:

Dada Muuguzi, pole na kazi. Umefanya vizuri kuwapima kwanza kabla ya kuongelea simu.

Nianze na hayo mazoezi ya siku ya kwanza. Kunyanyua kiwiliwili chote ukiwa chali kunazibana pingili za kiuno kwa nguvu kubwa, na kugusa vidole kunazikunja hadi mwisho. Kuna na suala la saa. Usiku mtu akiwa amelala, visahani vya katikati ya pingili vinavuta maji na kuvimba kidogo, kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka ndipo kukunja mgongo kunapovielemea zaidi. Programu nyingi zinaweka kengele saa kumi na mbili asubuhi. Mchuma chai anaamka kwenye baridi, anajikunja mara ishirini, kisha anapanda mteremko na kikapu. Hamisha mazoezi yote ya kujikunja yaende jioni. Asubuhi kutembea kwa dakika kumi kunatosha.

Sasa programu. Mojawapo ya zilizopimwa vizuri ni selfBACK. Matokeo ya jaribio lake yalitoka mwaka 2021: watu 461 wa Denmark na Norway wenye maumivu ya kiuno, nusu wakapewa programu juu ya matibabu ya kawaida, nusu wakabaki na matibabu ya kawaida peke yake. Baada ya miezi mitatu, waliopata nafuu ya pointi 4 au zaidi kwenye dodoso la pointi 24 kuhusu ugumu wa kufanya shughuli walikuwa 52 kwa kila 100 upande wa programu, na 39 kwa kila 100 upande mwingine. Kwa wastani tofauti haikufika hata pointi 1. Faida ipo, ila ni ndogo. Ilipojaribiwa tena Norway kwa wagonjwa wa shingo na kiuno waliokuwa wamepewa rufaa kwa mabingwa (matokeo ya 2023), haikuishinda huduma ya kawaida. Kwa hiyo wagonjwa wako wa zahanati ndio saizi yake. Mwenye tatizo gumu aende kwa mtu atakayemshika na kumpima.

Cha kuiga kutoka hapo ni namna inavyofanya kazi: kila wiki inauliza maumivu yakoje, umelala vipi, umefanya mazoezi mangapi, halafu inapanga wiki inayofuata kutokana na majibu. Ukikuta programu inatoa orodha ileile siku ya 1 na siku ya 40, hiyo ni video tu imevaa nguo za programu. Angalia pia kama mwanzoni inauliza dalili za hatari, kama kuna kitufe cha kushusha kiwango cha zoezi, kama inataja nani aliyeitengeneza na ana taaluma gani, na kama video zinapakuliwa zikachezeka bila bando. Ikikosa kitufe cha kushusha kiwango, achana nayo hata kama mengine yote inayo.

Kwa kiuno, mimi ningeanza na manne tu.

Paka: magoti na viganja chini, pandisha mgongo juu taratibu, ushushe taratibu, mara 6 hadi 8. Hili ni la kulainisha, usilazimishe mwisho wa mwendo. Linafanyika kila siku.

Daraja: lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimetengana upana wa nyonga. Kandamiza visigino, inua makalio mpaka goti, nyonga na bega vikae mstari mmoja, shikilia sekunde 5. Mara 8, pumzika dakika moja, rudia mara 8. Msuli wa nyuma ya paja ukishikwa na mkakamao, visigino viko mbali mno, vivute vibaki kama sentimita 25 kutoka kwenye makalio. Kiuno kikiuma ukiwa juu, umepitiliza mstari, shuka kidogo.

Mkono na mguu wa upande mwingine: magoti na viganja chini, nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele, sekunde 5 hadi 8, mara 6 kila upande. Hapa wengi kiuno kinabonyea au nyonga inageuka na wao hawajui. Weka kikombe cha plastiki chenye maji robo juu ya kiuno. Kikimwagika, rudi kwenye mguu peke yake, mkono ubaki chini. Kipimo hicho hakihitaji kamera ya simu.

Kuinama kwa nyonga: chukua mpini wa jembe usio na jembe, uweke wima mgongoni, mkono mmoja juu na mwingine chini. Uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabapa ya mabega, na mfupa wa mkia. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango kwa nyuma, kiwiliwili kishuke mbele. Mpini ukiachana na mfupa wa mkia, umeanza kukunja kiuno, simama hapo na urudi juu. Mara 10, mara mbili. Hili ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa mchuma chai na kwa anayelima viazi, kwa sababu ndio mwendo wenyewe wa kazi yake.

Kwa shingo, lala chali bila mto, kanga iliyokunjwa iwe chini ya kisogo, unene wa sentimita 2 au 3. Fanya "ndiyo" ndogo sana, kidevu kishuke kuelekea kooni, kisogo kikiteleza juu ya kanga bila kunyanyuka. Shikilia sekunde 5, mara 10. Weka vidole viwili ubavuni mwa shingo: ile misuli minene ya mbele ikikakamaa kama kamba, umetumia nguvu nyingi, punguza nusu. Akizoea kwa wiki mbili, ashikilie sekunde 10. Ongeza na kuvuta mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliokatwa na kuzungushwa kwenye nguzo usawa wa kitovu: vuta viwiko nyuma, mabapa ya mabega yakaribiane, mabega yasipande kuelekea masikioni. Mara 10, mara mbili. Kagua mpira kabla ya kuvuta, wenye ufa hukatika na kumpiga mtu usoni.

Ukiacha paka, haya ya nguvu ni siku 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Ongeza idadi kwanza, mara 8 iwe 10, kisha 12, ndipo uongeze raundi. Badilisha kwa wiki, si kwa siku.

Lini apunguze? Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu mpaka 3 wakati wa zoezi aendelee. 4 au 5 aendelee ikiwa kesho yake saa kama hiyo yamerudi yalikokuwa. Yasiporudi, apunguze idadi nusu, asiache kabisa. Zaidi ya 5, asimamishe zoezi hilo. Na aangalie maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka kwenye goti yakarudi makalioni au kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kidogo, hiyo ni njia nzuri. Yakishuka kutoka kiunoni kwenda pajani, goti, unyayo, zoezi hilo halimfai kwa sasa.

FundiSimu_Mwanjelwa:

Upande wa simu. Kengele kunyamaza ni suala la kuokoa chaji. Tecno, Infinix na Itel zinafunga programu ambayo haijafunguliwa siku mbili tatu, na kengele yake inakufa nayo. Fungua Mipangilio, Programu, chagua hiyo ya mazoezi, ingia Betri, uiruhusu itumie chaji bila vikwazo. Kwenye Tecno na Infinix ingia pia Phone Master, tafuta sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, uiwashe hapo. Usipofanya vyote viwili, simu ikizimwa na kuwashwa kengele hairudi. Njia rahisi kuliko zote: weka kengele kwenye saa ya kawaida ya simu, ipe jina "mgongo". Hiyo mfumo hauiui.

Hatua. Kuanzia Android 10 programu lazima ipewe ruhusa ya shughuli za mwili. Mtu akibonyeza kukataa siku ya kwanza, hesabu inabaki sifuri na programu haisemi kwa nini. Kingine, simu ikiachwa mezani haihesabu kitu, na hapo akina mama wanaobeba simu kwenye mkoba wanapunjwa. Kwa mafundi cherehani ni kinyume: simu ikiwa mfuko wa suruali na mguu unapiga pedali, inaweza kuhesabu pedali kama hatua. Bodaboda kwenye barabara ya vumbi nayo inaongeza hatua za uongo. Waambie cherehani ikianza, simu itoke mfukoni.

Bando: dakika moja ya video ya 360p inakula kama MB 5, ya 1080p inaweza kupita MB 25. Pakua mara moja ukiwa na intaneti ya bure, kwa 360p. Kuona goti na mgongo inatosha.

Ruhusa: programu ya mazoezi haihitaji majina ya watu kwenye simu, wala meseji, wala rekodi ya simu ulizopiga. Ikiomba hayo, iondoe. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ulinzi wa kwanza ni kutozitoa.

Na hili limewaliza wengi: "siku 7 bure". Ukishaweka kadi, siku ya 8 inakata pesa. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi makato. Ingia Play Store, bonyeza picha ya akaunti, Malipo na usajili, ughairi humo.

Tabibu_Makambako:

Nakubaliana na Mfizio, ila naomba nisisitize upimaji, maana kumpima mtu mara moja hakutoshi. Maumivu ya mgongo ya miezi mitatu huku kwetu yana majirani wake. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe na 11.1 Iringa, na kifua kikuu kinafuata hapo hapo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kinaanza polepole sana, wakati mwingine bila kikohozi kabisa. Maumivu hayapumziki hata mtu akilala, jasho la usiku, nguo zinapwaya, halafu kinundu kinajitokeza katikati ya mgongo. Programu zilizotengenezwa Ulaya hazikiulizi kwa uzito huo. Mwulize wewe, kila mwezi, hata kama mwezi uliopita alijibu hapana. Na mpige mgongo taratibu kwa ngumi, pingili moja moja: maumivu makali kwenye pingili moja si ya kuachia simu.

Jirani wa pili ni brusela. Homa ya kuja na kuondoka, jasho, maumivu ya kiuno na nyonga, kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi au aliyemsaidia ng'ombe aliyetupa mimba. Maumivu ya ubavu mmoja pamoja na homa na mkojo kuchoma ni figo mpaka ithibitike vinginevyo.

Ya kukimbiza hospitali siku hiyohiyo: ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo kugoma au kutoka bila kujua, haja kubwa vilevile, miguu yote miwili kulegea. Kwa shingo, vidole kushindwa kufunga vifungo vya shati au kutia uzi kwenye sindano kwa mtu aliyekuwa anaweza, na kutembea kama mlevi. Fundi cherehani atakwambia mwenyewe kuhusu sindano, mradi umwulize. Aliyeanguka na bodaboda au kutoka kwenye mti, shingo isigeuzwe mpaka apigwe picha.

Kuhusu picha, usiwape hofu. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yalikuta visahani vilivyochakaa kwa watu wasio na maumivu yoyote: asilimia 37 kwa wenye miaka 20, asilimia 96 kwa wenye miaka 80. Mgonjwa akisoma "pingili zimesagika" kwenye karatasi anaacha kuinama mwaka mzima, na hapo ndipo misuli inapolegea kweli.

Dawa za maumivu: diclofenac na ibuprofen zisiliwe pamoja, na mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au mimba asijinunulie dukani.

Muuguzi_Mafinga:

Asanteni sana wakuu. Yamebaki matatu. Mikanda ya kiuno, wengi wameshanunua. Rekodi ya maumivu, programu inawataka wajaze mara tano kwa siku. Na vitochi, bado sijajibiwa.

Mfizio_Uyole:

Mikanda: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauipendekezi katika huduma ya kawaida, wala kuvutwa mgongo kwa mashine. Unapendekeza elimu na mazoezi yaliyopangwa. Usiwavue kwa siku moja. Mwenye mkanda aanze kuuvua saa za kazi nyepesi, aongeze saa moja kila siku tatu.

Rekodi mara tano kwa siku ni nyingi mno. Mtu anayeulizwa kila saa kama anaumwa atayatafuta maumivu mpaka ayaone. Mara moja jioni inatosha. Bora kuliko namba ya maumivu ni kazi. Kila Jumapili achague mambo matatu anayoshindwa, kwa mfano kubeba ndoo ya lita 20, kukaa kwenye cherehani saa nzima, kuinamia mche wa chai. Kila jambo alipe alama 0 hadi 10, 0 ni "siwezi kabisa", 10 ni "kama zamani". Wastani ukipanda pointi 2, kuna mabadiliko ya kweli. Baada ya wiki 6 usipopanda kabisa, badilisha mpango au mtume fiziotherapia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ipo, na ya mkoa hapo Iringa.

Vitochi havizuii kitu. Kengele ipo. Chora karatasi ya mazoezi manne, miraba saba kwa wiki, aweke alama. Kuhesabu sekunde 5, atamke polepole "elfu moja, elfu mbili" mpaka elfu tano. Idadi ahesabu kwa punje kumi za mahindi, kila akifanya mara moja punje moja inahamia bakuli la pili. Kutembea apime kwa dakika, na huku kwenye milima ningependa hata wenye simu janja wafanye hivyo, kwa sababu hatua elfu moja za kupanda mteremko wa chai si sawa na elfu moja za stendi. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2024, watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno, liliwapandisha polepole kuelekea dakika 30, siku 5 kwa wiki, wakiongozwa na mtaalamu. Maumivu yalikawia kurudi: siku 208 dhidi ya 112 kwa wasioongozwa, ukiangalia mtu wa katikati. Mchuma chai anatembea tayari, huyo mwachie mazoezi ya nguvu. Anayehitaji kutembea ni fundi cherehani. Aanze dakika 10, aongeze 5 kila wiki.

Na cherehani yenyewe. Mazoezi ya dakika 15 hayatashinda saa tisa za kukaa vibaya. Mara nyingi kiti ni kifupi: viwiko vinakuwa chini ya meza, mabega yanapanda kufidia, kichwa kinafuata sindano. Kunja blanketi juu ya kiti mpaka viwiko vifike usawa wa meza au juu yake kidogo, na miguu bado ifike kwenye pedali bila kunyoosha. Sogeza kiti karibu mpaka tumbo lipate upana wa ngumi tu kutoka kwenye meza. Taa iwe upande wa sindano, maana anayeshindwa kuona uzi atainama hata ukimpa kiti cha aina gani. Kila dakika 30 asimame, azungushe mabega mara kumi, akae tena.

FundiSimu_Mwanjelwa:

Hiyo ya dakika 30 iweke kama kipima muda cha simu, kinachojirudia, na mtetemo badala ya mlio. Simu iwe juu ya meza ya cherehani karibu na mkono, itasikika hata mashine ikikimbia.

Muuguzi_Mafinga:

Mfizio, kikapu cha chai nacho? Wengi wanakining'iniza bega moja.

Mfizio_Uyole:

Kamba mbili, mabega yote mawili, na kikae juu kikigusa mgongo, kisining'inie makalioni. Kamba nyembamba ifungiwe kitambaa upana wa vidole vinne, isikate bega. Akipeleke kupimwa kabla hakijajaa, safari mbili nyepesi badala ya moja nzito. Ndoo ya maji hivyohivyo, lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo. Kwa hawa wa shingo, wiki sita za kwanza iwe ndoo ya lita 10, mara mbili. Akitua kikapu, akishushe kwa kusukuma makalio nyuma, uleule mwendo wa mpini.

Muuguzi_Mafinga:

Nimeandika yote. Jumatatu naanza na mafundi sita, nitaleta namba zao za wiki ya sita hapahapa.